Kitanda Kinacholipiwa kwa Usiku

Anayelipwa kwa kila usiku ambao mtoto analala kwake hana haraka ya kumrudisha kwao. Sisemi hivi kwa kuwadhania watu ubaya. Ndivyo hesabu inavyokwenda, hata pale ambapo mwenye kituo ni mtu mwema na wauguzi wake wana huruma. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mjadala wa vijana wenye maradhi mazito ya akili nchini Kenya umekwama. Kuna wanaotaka majengo: hospitali kubwa zaidi, vituo zaidi, vitanda zaidi. Kuna wanaoyaogopa majengo hayohayo, na wangependa kila mtoto atibiwe akiwa kwao, basi. Wote wanabishana kuhusu kuta na hakuna anayeuliza habari ya risiti. Ninachodai ni kwamba vitanda vya vijana tunavihitaji, vichache, vya siku chache na vilivyo karibu na kwao, na kwamba namna tutakavyovilipia ndiyo itakayoamua kama vitawatibu au vitawaweka tu.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba takriban asilimia 44 walikuwa wamepitia tatizo fulani la akili katika miezi 12 iliyotangulia, na kiasi cha asilimia 12 walikuwa na dalili zinazotosha kuitwa ugonjwa. Tarakimu inayorudiwa sana ni ile ya kwanza, kwa kuwa inatisha zaidi, lakini tunapojadili kulazwa ndiyo isiyotufaa kabisa. Wengi wa vijana hao wana huzuni, wasiwasi na msongo wa mawazo ambao unaweza kupunguzwa wakiwa darasani mwao. Jaribio la mpango wa Shamiri katika shule za sekondari hapa Kenya, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, lilionyesha kuwa vikao vichache vya kikundi vinavyoongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni, wasio madaktari wala wanasaikolojia, vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Mtoto wa namna hiyo ukimlaza hospitalini unamdhuru, na unamnyima kitanda mwenzake anayekihitaji.

Yuko lakini huyo mwenzake. Ni msichana wa kidato cha pili anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru, au mvulana ambaye hajalala kwa wiki nzima na anagawa vitu vya nyumbani kwa wapita njia, au yule aliyejaribu kujiua juzi na bado anatafuta nafasi ya kujaribu tena. Maradhi haya yana umri wake wa kuanza. Uchambuzi mmoja mkubwa uliojumlisha tafiti 192 kutoka nchi mbalimbali ulikuta kwamba karibu nusu ya wanaopata ugonjwa wa akili huanza kabla ya kutimiza miaka 18, na umri unaoongoza ni miaka 14 na nusu. Kwa mtoto wa aina hii, siku kumi au ishirini mahali penye muuguzi usiku kucha, dawa zinazosimamiwa na dirisha lisiloweza kurukiwa zinaweza kuwa ndizo zitakazomwacha hai. Wanaosema kila kitu kitibiwe nyumbani hawajamjibu mama ambaye ameficha visu vyote vya jikoni na sasa anaogopa kusinzia.

Mama huyo akienda kutafuta msaada anakuta nini? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya hospitali 284 za serikali za ngazi ya nne na kuendelea, ni 29 tu zilizokuwa zikitoa huduma za afya ya akili. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipokabidhi ripoti yake mwaka 2020 lilitaka ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa na kaunti zikapewa wajibu ulioandikwa wazi. Karatasi ni nzuri. Lakini mgonjwa aliyezidiwa bado njia yake mara nyingi inaishia Mathari, Nairobi, hospitali iliyoanza mwaka 1910 na ambayo ndani ya ua wake mna pia kitengo cha ulinzi mkali cha wagonjwa waliotoka mahakamani. Kutoka Mandera ni safari ya takriban kilomita elfu moja. Hata zilipo wodi za karibu, kama ya Port Reitz kule Mombasa, zilipangwa kwa ajili ya watu wazima, ilhali Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataka mtoto aliyenyimwa uhuru wake atengwe na watu wazima isipokuwa pale ambapo manufaa ya mtoto mwenyewe yanadai vingine. Kwa aliyejaribu kujiua, kitanda cha kwanza kingeweza kuwa sakafu ya kituo cha polisi, kwa kuwa hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, jaribio hilo lilikuwa kosa la jinai.

Palipo na pengo kubwa hivi hapakosi wa kulijaza. Wengine hulijaza kwa maombi na minyororo. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha ripoti yake kuhusu kufungwa minyororo kwa wenye maradhi ya akili, mwaka 2020, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 60 hivi zilizotajwa. Wenye uwezo huenda kwenye vituo vya kibinafsi vya kurekebisha tabia, ambako mzazi huuziwa kifurushi cha miezi kadhaa kabla daktari hajajua mtoto anaumwa nini. Mwenye skizofrenia, mwenye kuvuta bangi na mtundu tu wa kawaida wanaweza kuingia kwa lango moja, kwa bei moja na kwa muda uleule.

Kwa nini jambo hili halitushtui? Nadhani ni kwa sababu sisi ni taifa la bweni. Mtoto akisumbua darasa la sita, jibu la ukoo mzima ni boarding. Akisumbua bwenini, anahamishiwa bweni lililo mbali zaidi. Tumezoea kuamini kuwa umbali kutoka nyumbani pamoja na kengele ya saa kumi na moja alfajiri ni dawa, na samaki mkunje angali mbichi hutajwa kana kwamba ni cheti cha daktari. Kituo cha kumlaza kijana mgonjwa kwa nusu mwaka kinaonekana kwetu kama shule nyingine yenye ua mrefu kidogo. Imani hii haiko kwetu peke yetu. Wasomali wa ughaibuni wana desturi ya dhaqan celis, ya kuwarudisha vijana wao walioshindikana Ulaya au Marekani ili wakafundwe upya, na baadhi yao wamejikuta katika nyumba zilizofungwa Somalia na hata hapa Nairobi. Ni ya zamani pia. Hospitali ya Lutindi, kwenye milima ya Usambara huko Tanga, ilianzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 ili kuwalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na miaka michache baadaye ikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili. Palikuwa mbali na watu, na umbali huo ulihesabiwa kuwa sifa.

Nchi iliyoufuata mtindo huu hadi mwisho wake ni Marekani, na huko hawakukosa fedha, wataalamu wala majengo. Walikuwa na kila kitu ambacho sisi tunakililia. Vituo vya kuwalaza vijana wenye maradhi ya akili na mienendo migumu vilienea nchi nzima, vingi vikiendeshwa na kampuni kubwa za biashara, na fedha nyingi zikitoka kwa serikali kupitia Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini. Juni 2024, Kamati ya Fedha ya Seneti, ikiwa chini ya Seneta Ron Wyden, ilitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka miwili kuhusu mashirika manne yanayoendesha vituo vya aina hiyo, na katika kichwa cha ripoti yenyewe vituo hivyo viliitwa maghala. Ndani yake mna kupigwa, kudhulumiwa kimapenzi, kudungwa dawa za kutuliza pasipo haja na kufungiwa chumbani peke yako. Lakini sehemu iliyonishughulisha zaidi ni maelezo ya biashara yenyewe: kujaza vitanda, kupata faida katika malipo ya kila siku ya kila mtoto, na kubana gharama kwa kupunguza wafanyakazi. Wafanyakazi wakiwa wachache na hawajafunzwa, mtoto anayefoka hawamtulizi kwa maneno, wanamwangusha chini. Mwaka 2020, katika kituo kimoja huko Kalamazoo, Michigan, kijana wa miaka 16 alifariki baada ya wafanyakazi wazima kumkandamiza sakafuni. Alikuwa amerusha chakula.

Mtu anaweza kusema hayo yalitokana na ukosefu wa ukaguzi. Ukaguzi ulikuwepo. Kila jimbo lilikuwa na leseni zake na wakaguzi wake, na Desemba 2024 rais wa nchi hiyo alitia saini sheria mpya ya kukabili unyanyasaji katika vituo hivyo, baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na waliowahi kulazwa humo, akiwemo mrithi maarufu wa hoteli, Paris Hilton. Sheria hiyo ni ya lazima, ila mkaguzi huja siku moja kwa mwaka, na hesabu ya usiku hufanya kazi siku zote 365. Hatuwezi kuwa na wakaguzi wengi kuliko Marekani. Itabidi tuibadilishe hesabu yenyewe.

Uingereza wamejaribu kitu kilicho karibu na hicho. Kusini mwa London, hospitali ya magonjwa ya akili ya Maudsley iliwagawa kwa kura vijana 106 waliokuwa wamelazwa au walioonekana kuhitaji kulazwa. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine walipewa pia timu ndogo inayowatoa wodini mapema na kuwafuata nyumbani na shuleni, mara nyingi kwa wiki ikibidi. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 katika Lancet Psychiatry, katika miezi sita kijana wa katikati wa kundi la timu alikaa hospitalini siku 34, na wa kundi la kawaida siku 50. Katika vipimo vya dalili na vya uwezo wa kujimudu, makundi hayo mawili hayakupishana. Kwa maneno mengine, siku za ziada wodini hazikuwa zimenunua nafuu ya ziada. Walioshikwa mkono na timu walikuwa pia na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi katika shule za kawaida, na waliojidhuru mara kwa mara walikuwa wachache zaidi miongoni mwao. Huu ni utafiti mmoja, wa mji tajiri, na sitauzidishia uzito. Lakini unajibu swali ambalo mtindo wa bweni haujawahi kujiuliza, yaani usiku wa 35 unamfanyia mtoto nini ambacho usiku wa 34 haukufanya.

Basi kwetu ingekuwaje? SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia kulazwa kwa jumla kwa kuhesabu siku, kiwango kikipanda kwa ngazi ya hospitali. Kwa nimonia njia hiyo haina madhara makubwa, kwani mwili wenyewe huonyesha umepona lini. Kwa kijana mwenye ugonjwa wa akili inafaa igeuzwe. Siku za hatari zilipiwe vizuri, hata zaidi ya ilivyo sasa, kwa sababu ndizo zinazohitaji wauguzi wengi. Baada ya hapo malipo ya usiku yashuke kila wiki, na fungu kubwa libaki likisubiri hadi mwezi wa sita tangu kijana aruhusiwe, likilipwa iwapo amehudhuria kliniki, yuko shuleni au kwenye kazi ya kujifunza, na kuna mtu anayejua anaendeleaje. Mfuko wa SHA wa dharura na magonjwa sugu ndio unaofaa kubeba fungu hilo. Vitanda viwe ndani ya hospitali za rufaa za kaunti, sita au vinane kwa wodi, mlango wake mbali na wa watu wazima, ili mama aweze kufika kwa nauli ya matatu mara mbili kwa wiki na kufunzwa dawa mwanawe akiwa bado amelazwa. Ibara ya 25 ya ule Mkataba wa Haki za Mtoto inampa mtoto aliyewekwa mahali kwa matibabu haki ya hali yake kupitiwa kila baada ya muda, na sioni kwa nini afisa wa watoto wa kaunti asisaini kila baada ya siku 14 kwamba bado kuna sababu ya mtoto kubaki.

Kuna anayeuliza kama kulipia kutoka hakutawafanya wawatoe watoto mapema wakiwa hawajapona. Hilo ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu ni hesabu ileile niliyoanza nayo, imegeuzwa tu. Jibu liko katika tarehe ya malipo. Hospitali isilipwe siku mtoto anapovuka lango. Ilipwe kwa hali yake nusu mwaka baadaye, na akirudi wodini ndani ya muda huo gharama ya kurudi iwe juu ya hospitali. Mfumo huu nao utachezewa. Watu watajaza fomu za mahudhurio yasiyokuwepo. Hata hivyo mtoto aliye mtaani huweza kuonwa na mwalimu, jirani, chifu na mhamasishaji wa afya ya jamii, na nchi hii ina wahamasishaji kama hao takriban 100,000. Aliye nyuma ya ua huonwa na waliofungia lango.

Pingamizi la pili ni zito kwa namna nyingine: vipi kama nyumbani ndiko alikoumizwa? Wapo watoto ambao kuwarudisha kwao ni kuwarudisha kwa aliyewabaka. Lakini hapo tunazungumzia ulinzi, na ulinzi una njia yake: Sheria ya Watoto ya 2022, mahakama ya watoto, jamaa wengine wa ukoo, familia za kulea. Tangu mwaka 2022 serikali ina mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia, na wasiwasi wangu ni kuwa wodi ya akili inaweza kugeuka mlango wa nyuma wa kuwarudisha makaoni. Mtoto asiye na pa kwenda hupewa jina la ugonjwa ili apate pa kulala. Tukikubali hilo, aliyedhulumiwa atafungiwa na aliyemdhulumu atabaki nyumbani.

Wanaoendesha vituo vya waraibu watasema pombe, heroini na bangi haziachwi kwa siku 20. Ni kweli, ila haziachwi kwa siku 90 pia, kama kijana anarudi kwenye kona ileile, kwa marafiki walewale, na hakuna anayemfuata. Kwa waraibu wachache wanaohitaji muda mrefu ndani, waongezewe muda kwa sababu iliyoandikwa kwa jina la kila mmoja na kupitiwa upya. Kifurushi kisichouliza mtu anaumwa nini kisihesabiwe kuwa matibabu. Hapa shule zina deni lao. Wizara ya Elimu ina mwongozo wa mwaka 2020 wa kuwarejesha wanafunzi waliokatiza masomo, unaojulikana zaidi kwa wasichana waliojifungua. Mwalimu mkuu anayemkataa kijana aliyetoka wodini kwa madai kwamba atawaambukiza wengine wazimu angepaswa kusomewa mwongozo huo na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, kwa sauti.

Linabaki pingamizi la watu wa mipango, kwamba hatuna wataalamu. Madaktari wa magonjwa ya akili wa watoto nchini ni wachache mno, na hakuna mwongozo utakaowazalisha kufikia mwakani. Lakini upungufu huo unakitia hasara kituo kikubwa cha mbali kuliko wodi ndogo. Daktari mmoja anayezunguka kaunti tatu, akiwa na wauguzi waliofunzwa afya ya akili na simu inayopokelewa, anaweza kusimamia vitanda 20 ambavyo wagonjwa wake hubadilika kila baada ya wiki tatu. Daktari huyohuyo akikabidhiwa watoto 200 wa miezi sita sita atageuka mtia saini wa dawa, na siku zote zilizobaki watoto watakuwa mikononi mwa walinzi. Fedha nazo zinakwenda vivyo hivyo: kila wiki ya ziada ambayo haikuleta nafuu ni mshahara wa muuguzi ambaye angeweza kwenda kumtazama mtoto nyumbani.

Mabunge ya kaunti hupitisha makadirio yao mwezi wa Juni. Waziri wa afya wa kaunti atakaposimama na kutangaza idadi ya vitanda vipya vya afya ya akili, mwakilishi wa wadi angeomba tarakimu tatu kabla ya kupiga makofi: wangapi wenye umri chini ya miaka 18 walilazwa mwaka uliopita, walikaa siku ngapi, na wangapi kati yao wako darasani leo. Kaunti ambayo haina ile ya tatu isipewe pesa za vitanda hadi imetenga pesa za kuitafuta.